Kiti cha jeti, beseni au pedikyua kavu: mteja wa kucha anakaa wapi kwa raha?

Kiti changu kikubwa cha kwanza kilikuja na kirikuu, kimefungwa kamba kama ng'ombe wa Idd. Kilikuwa kimeshatumika kwingine: ngozi bandia nyeusi, mashine ya kukanda mgongo, ngazi ya kupandia, na chini yake beseni lenye taa za bluu na pampu ya kurusha maji. Ndicho kinachoitwa kiti cha jeti. Nusu ya mtaa wetu pale Sinza ilitoka kukiangalia. Siku ya tatu akaja bibi mmoja, kaletwa na mjukuu wake aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Nikamwamkia, nikamwonyesha kiti. Akakitazama, akaitazama ngazi, akaniambia, "Mwanangu, huko juu mimi sipandi. Hamna kiti cha watu?"

Tukamletea kiti cha mbao chenye mikono, kile cha foleni. Mto mmoja mgongoni, taulo lililokunjwa chini ya shavu la mguu, beseni la kawaida mbele yake. Kabla sijamaliza mguu wa kwanza alikuwa anakoroma.

Ndiyo maana ulinganisho huu siuanzii kwenye urembo wa chumba. Nauanzia kwenye mwili wa mteja: mgongo wake umeegemea wapi, mguu wake umebebwa na nini, na anaogopa nini. Kama unafungua saluni, au unataka kubadilisha ulivyo navyo na hela yenyewe ni ya kuungaunga, haya ndiyo niliyoyaona kwa kutumia, mengine kwa hasara.

Viti

Kiti cha plastiki na stuli ya fundi. Wengi wetu tumeanzia hapo na sioni aibu kusema kinafaa, ila kina ugonjwa mmoja: mguu unaning'inia. Mtazame mteja vizuri. Fundi amemshika kifundo, lakini uzito wa mguu anaubeba mwenyewe kwa nguvu za paja. Dakika ya kumi paja linaanza kutetemeka, vidole vya mguu vinajikunja, na fundi anadhani mteja anaogopa, kwa hiyo anakaza mkono zaidi. Hapo wote wawili wanaumia bila sababu. Dawa yake ni kigoda kifupi chenye sponji juu, kimo chake kiwe chini kidogo ya goti la mteja aliyekaa, goti lenyewe likiwa limekunjwa kidogo. Seremala yeyote anakitengeneza kwa siku moja. Kitu hiki kimoja kimeniletea wateja wa kurudi kuliko taa zote za bluu.

Kingine cha plastiki: egemeo lake liko nyuma mno. Mteja wa saa moja lazima apate mto wa kiuno, la sivyo utamwona anajisogeza mbele na kuinama, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

Sofa ya mtu mmoja juu ya jukwaa. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa saluni nyingi. Jukwaa la mbao la sentimita 30 hivi, juu yake sofa fupi, chini beseni. Faida yake kubwa haionekani kwa mteja, nayo ni mgongo wa fundi. Fundi anayefanya kazi akiwa amejikunja huanza kuharakisha kwenye mguu wa pili, na mteja anausikia ule uharaka kwenye kidole gumba. Akikaa wima, mguu ukiwa usawa wa kifua chake, mkono wake unakuwa mwepesi mpaka mwisho.

Kasoro zake zipo. Jukwaa bila kishikio halimfai mzee wala mwenye mimba kubwa. Piga bomba la chuma ukutani. Sofa laini sana inayomeza mtu ni starehe ya dakika tano za mwanzo tu, halafu mjamzito anahitaji watu wawili wa kumwinua. Chagua sponji ngumu kiasi. Na ngozi bandia kwa joto la Dar la Februari hugandamana na mapaja, mteja akijisogeza inalia kama plasta inabanduliwa. Tandika taulo au khanga safi, badilisha kwa kila mtu.

Kiti cha jeti. Nisikionee. Kwa mteja aliyetoka kazini amechoka, akiegemezwa nyuma, mgongo ukakandwa, maji yakamzungukia miguuni, ni raha ya kweli na unaweza kumtoza zaidi. Kina mahali pa kuegeshea kila mguu, kwa hiyo ule ugonjwa wa kuning'inia haupo. Lakini kimeundwa kwa mtu wa kimo fulani. Mfupi nyayo zake hazifiki chini ya beseni, anabaki kujishikilia. Halafu kuna umeme. Siku moja ulikatika mteja akiwa amelazwa nyuma na maji yamejaa. Kiti hakiinuki, na changu kilikuwa kinatoa maji kwa pampu. Tulichota kwa jagi, yeye amekunja miguu kifuani, simu yake ikitumulikia. Kama eneo lako umeme ni wa kubahatisha, ulizia kiti ambacho maji yanatoka yenyewe kwa bomba la chini, na egemeo la kurudisha kwa mkono.

Bei ya kile kimoja, mpya, ingenitosha sofa tatu na majukwaa yake, na chenji ikabaki.

Maji

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo wenye saluni wanapodanganywa na mapovu.

Beseni la jeti lina tundu la kuvutia maji lenye chujio. Nyuma ya chujio hujificha nywele, ngozi iliyosuguliwa, mafuta ya skrabu. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipata majipu ya miguu yasiyopona haraka. Wachunguzi walimkuta bakteria aina ya Mycobacterium fortuitum kwenye mabeseni ya jeti, na nyuma ya vile vyujio kulikuwa na uchafu wa nywele na ngozi uliorundikana. Jambo jingine lililojitokeza: walionyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda kuloweka walikuwa kwenye hatari zaidi. Hilo la mwisho liandike ukutani, kwa sababu mteja wetu naye hunyoa asubuhi ili aje "msafi" saluni. Mwambie anyoe akisharudi nyumbani.

Nilipofungua chujio la kiti changu mara ya kwanza nilikuta kitu kama kipande cha sufi nyeusi iliyolowa. Sikula mchana ule. Kiti cha jeti kinahitaji baada ya kila mteja kumwaga, kusugua kwa sabuni, kujaza upya na dawa ya kuua vijidudu, kisha kuzungusha dakika 10; na kila jioni chujio litoke lioshwe. Kama una foleni ya wateja wa Ijumaa na huna dakika hizo, usikinunue. Nusu njia ni beseni la jeti la kuvishwa mfuko wa plastiki wa kutupa, lakini hakikisha mifuko inapatikana hapo ulipo kabla hujalipia kiti.

Beseni la kawaida halina pa kuficha kitu. Sabuni, brashi, dawa, jua. Tatizo lake ni joto la maji, na hapa mafundi wengi wanakisia. Hesabu yangu ni hii. Birika la umeme la lita 1.7 likichemka, ukalimimina kwenye lita 8 za maji ya bomba ya Dar yenye nyuzi kama 28, unapata karibu nyuzi 40. Mpaka mteja avue viatu na kutumbukiza mguu zimeshuka kidogo, na hapo ndipo pazuri. Chukua beseni na birika lilelile upeleke Arusha mwezi wa Julai, maji ya bomba yako nyuzi 18: utapata 32, na mteja atakwambia asante kwa adabu huku mwili unamsisimka. Kule punguza maji ya baridi mpaka lita 5. Beseni la plastiki hupoa haraka, kwa hiyo uwe na chupa ya chai pembeni. Ukitaka kuongeza, mteja atoe miguu kwanza. Nimeona fundi akimimina maji ya moto miguu ikiwa humohumo. Nilimsimamisha kazi wiki nzima.

Maji baridi yatangulie, ya moto yafuate, kisha pima kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto. Usimuulize mteja tu, maana kuna ambaye hawezi kukujibu: mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayoni. Yeye ataona maji ni ya kawaida huku ngozi inaungua. Swali la sukari liulizwe kabla ya maji kumiminwa, tena kwa sauti ya chini, ukiwa umeinama karibu naye, isiwe kama unamwita kutoka kaunta. Akisema ndiyo, haloweki, na hakuna wembe.

Dakika 10 za kuloweka zinatosha. Watu hudhani mteja akiachwa nusu saa amehudumiwa vizuri. Amesahauliwa tu. Ngozi imenyauka, ikisuguliwa inachunika.

Pedikyua kavu ndiyo iliyonishangaza. Miguu inafutwa kwa taulo la moto lenye matone ya mafuta ya mchaichai au mkaratusi, kucha zinakatwa na kupigwa tupa zikiwa kavu, magaga yanalainishwa kwa krimu ya yurea. Hakuna beseni kabisa. Kucha hunywa maji na kutanuka. Ikikauka hurudi, na rangi iliyopakwa juu yake kabla haijakauka vizuri hubanduka mapema. Kwenye kavu tatizo hilo halipo, rangi inakaa. Inamfaa mwenye kisukari, mjamzito ambaye hawezi kukaa muda mrefu, na mteja wa mapumziko ya mchana. Pia siku DAWASA wamekata maji hufungi duka. Hasara: mteja aliyezoea kuloweka hudhani umemnyima kitu. Taulo la moto lazima liwe la moto kweli (isipokuwa kwa mwenye kisukari, lake liwe la vuguvugu), lizungushwe mguu mzima na kubanwa kwa viganja viwili kwa muda. Ukilifuta kijuujuu kama unafuta meza, hatarudi.

Mimi leo nikianza upya ningeanza na beseni na kavu. Jeti ningesubiri.

Magaga, na hofu ya wembe

Wateja wengi wakiulizwa wanaogopa nini saluni watakutajia wembe wa kuondolea magaga kabla hata ya virusi. Wembe unaondoa haraka na mteja anaona kazi mbele ya macho yake, vipande vinadondoka. Lakini ukikosea kidogo ni damu, na hata usipokosea, gaga lililokatwa mpaka kwenye ngozi laini huuma kesho yake mtu akikanyaga sakafu, kisha hurudi. Majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku wembe huo saluni. Kwangu haupo.

Kati ya jiwe, msasa na mashine: jiwe ni la upole lakini ni gumu kulisafisha, vijitundu vyake vinatunza maji na ngozi ya mtu. Kila mteja awe na lake au litupwe. Msasa wa kubandika kwenye ubao unabadilishwa, na kwa mguu wa kawaida nautumia huo. Mashine ya kuzunguka inafaa gaga nene, sharti isitulie sehemu moja, kwa kuwa joto lake hujikusanya hapo na mteja huruka. Kabla ya kuiwasha karibu na mguu, iwashe mkononi mwako aisikie sauti, kisha mguse kisigino kidogo tu. Wenye mtekenyo ni kazi nyingine: mshike kwa kiganja kizima, kwa uzito. Vidole vyepesi ndivyo vinavyotekenya.

Ile dawa ya kuyeyusha magaga ni kali, nyingi zina alkali. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa na usiipake palipopasuka. Mteja akisema inawasha, ondoa. Usimwambie avumilie.

Mezani: mikono

Kwenye mikono kiti hakina siri kubwa. Meza isiwe juu mno, mto mdogo chini ya kiwiko na mwingine chini ya kifundo, basi. Ugomvi uko kwenye joto la taa na harufu.

Rangi ya kawaida haichomi, lakini mteja anakaa akipuliza vidole na hawezi kushika simu wala kutoa nauli. Jeli inakauka palepale, ila ndani ya taa huchoma, hasa ile nzito ya kujengea kucha, kwa sababu jeli yenyewe inatoa joto inapoganda. Taa za zamani za balbu, za wati 36, huchukua dakika kama mbili. Za LED ni sekunde 30 hadi 60, na joto lake huja ghafla. Taa yenye hatua ya joto la chini, inayopanda polepole kwa sekunde 99, naiona bora kwa mteja mpya. Paka tabaka jembamba, na umwambie mapema: "Dada, ikichoma toa mkono, hesabu tano, rudisha." Asipoambiwa, atajikaza akidhani ndivyo inavyotakiwa. Wanawake wetu wanajikaza sana saluni, sijui nani alitufundisha kwamba urembo lazima uume. Taa ya kuchaji, kwa siku umeme umekatika, inalipa haraka.

Kutoa jeli ni asetoni na foili, dakika 10 mpaka 15. Fundi mwenye haraka hukwangua dakika ya tano na kuondoka na tabaka la kucha ya mtu.

Akriliki, kucha za kujengea kwa unga na kimiminika, ina harufu, hiyo haikwepeki, lakini kuna harufu na harufu. Kimiminika chenye MMA (methyl methacrylate) kinakata pua na macho, kinauzwa rahisi, na kucha yake ni ngumu mno: ikigonga mlango inaondoka na kucha yako. Malalamiko ya aina hiyo ndiyo yaliyoifanya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iende mahakamani miaka ya 1970. Tafuta chupa iliyoandikwa EMA (ethyl methacrylate), na usinunue isiyo na maandishi. Kuhusu hewa, mwenye kiyoyozi asijidanganye: kile cha ukutani kinazungusha hewa ileile, ikiwa baridi. Feni ndogo dirishani, imegeuzwa kutoa hewa nje, inasaidia zaidi. Feni ya mezani inayopuliza kutoka mgongoni mwa fundi humpelekea mteja vumbi lote la kucha usoni.

Saluni au kijana wa kikapu?

Kuna ushindani ambao wenye saluni hawapendi kuutaja: vijana wanaozunguka na kikapu cha rangi, kibeseni na tupa, kutoka Kariakoo mpaka uswahilini. Kwa starehe tupu, wakati mwingine wanatushinda. Mama yuko barazani kwake, na khanga yake, mchele anachagua, mguu kwenye stuli anayoijua, hakuna anayemwangalia. Saluni gani inaweza hivyo?

Wanaposhindwa ni kwenye vifaa: kikata kucha kimoja kinapita mtaa mzima, na maji ni ya beseni alilotangulia nalo jirani. Ukimpenda kijana wako, nunua seti yako mwenyewe, ikae kwenye kimfuko chenye jina. Na sisi wa saluni tujifunze hapo. Siku hizi nawawekea wateja wa kudumu vimfuko vyao kwenye droo, na kwa wengine vyuma vinaoshwa kwa sabuni, vinapita kwenye mashine ya mvuke, vinafungwa. Pakiti inafunguliwa mbele ya macho yake. Utaona mabega yanashuka. Jik ni nzuri kwa beseni na sakafu, lakini vyuma vinaliwa kutu, na kikata kucha chenye kutu hakimtulizi mtu.

Pazia na wudhu

Mahali ambapo beseni la jeti, sofa na plastiki vyote vinaweza kushindwa pamoja ni mlangoni. Saluni ya kioo inayoangalia barabara inavutia kwenye picha, lakini mteja wa baibui hawezi kupandisha vazi mpaka gotini huku bodaboda wanapita. Wala mwanamume anayekuja kwa mara ya kwanza kutibiwa ukucha ulioota ndani hataki kuonekana na wenzake. Tuna kona moja yenye pazia zito, na huko anahudumia fundi wa kike kwa anayeomba hivyo. Hakuna malipo ya ziada.

Wateja Waislamu wengi hawataki rangi siku za kawaida kwa sababu maji ya wudhu hayafiki kwenye kucha. Usimsukumie. Mpe usafi kamili bila rangi: kucha zing'arishwe kwa kitambaa cha ngozi na mafuta ya nazi kidogo, au hina kama ana sherehe. Hina haizuii maji. Kwenye orodha yetu huduma hiyo ina bei yake na jina lake, "kucha safi", isije ikaonekana kama nusu ya kitu kingine. Mwezi wa Ramadhani ndiyo inayoongoza, na mteja aliyefunga tunamweka asubuhi, mbali na harufu ya asetoni, kwenye sofa ya pembeni ambayo feni inamfikia miguuni.